Niliisingizia Nyungu, Nikapokonywa Mwanangu

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa milima ya Ileje, na sasa naishi Tunduma na binti yangu. Niseme mapema, wasomaji wenzangu: siandiki haya ili mnipe pole. Pole nilizipata tele wakati nilipokuwa nadanganya, na hazikunisaidia kitu. Naandika kwa sababu nina hasira, na hasira hii imenifaa kuliko machozi.

Mume wangu niliishi naye miaka tisa. Nitamwita Baba Tuse, kwa jina la mtoto wetu Tusekile, ambaye wakati wa korona alikuwa na miaka saba. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuhangaikia makaratasi ya malori pale mpakani Tunduma. Makofi yalikuwepo hata kabla ya korona, sitawaficha. Ila yalikuwa ya mara moja moja, nami nikajiambia ndoa ndiyo hiyo. Mama yangu alivumilia, bibi yangu alivumilia, mimi nani nisivumilie?

Korona ilipoingia, malori yakapanga foleni ya siku na siku, madereva wakisubiri kupimwa. Kazi ya Baba Tuse ikalala. Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi, na wale madereva waliokwama wakawa wateja wangu asubuhi na jioni. Kosa langu likaanzia hapo... mke kuleta unga nyumbani! Akawa anashinda ndani, akinivizia nimerudi saa ngapi, nimecheka na dereva gani. Alisema ananipiga ili nisimletee ugonjwa. Shule nazo zikafungwa, kwa hiyo kila nilichofanyiwa Tuse alikiona.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukipiga nyungu? Kila nyumba ilichemsha mkaratusi na mchaichai, watu wakajifunika blanketi juu ya sufuria mpaka jasho likawatoka. Na sisi tulifanya hivyo. Siku hiyo mchana nilikuwa nimeipua sufuria, nimeiweka chini, simu yangu ikaita. Alikuwa mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mteja wangu, anaulizia maandazi. Baba Tuse hakutaka kusikia. Akasema ni mwanaume, akainyanyua ile sufuria...

Tuse alinikimbilia akanikumbatia kiunoni, mgongo wake ukamwelekea baba yake. Maji yote yakaishia kwake. Kile kilio sitakieleza.

Baba Tuse alipiga magoti. Akalia kuwa akifungwa tutakula nini. Jamani, tutakula nini? Mimi si ndiye niliyekuwa namlisha? Lakini siku ile akili hiyo sikuwa nayo. Nilipanda bodaboda na mtoto, na njia nzima nikawa naupanga uongo wangu. Zahanati nikamwambia nesi kuwa mtoto alikuwa anapiga nyungu, sufuria ikapinduka.

Nesi yule alikuwa mama wa makamo, kavaa barakoa ya kitenge. Alinitazama, kisha akaniuliza mtoto alikuwa ameinama au amesimama. Nikajibu upesi, ameinama, kama watu wote. Akaandika kwenye daftari lake na hakuniuliza tena.

Mtaa mzima ukaja kunipa pole. Nikaitikia asanteni, asanteni... huku aliyemuunguza mtoto amekaa pembeni yangu akipokea pole na yeye.

Kidonda kilipoanza kukauka, siku moja nilirudi kutoka kuuza chai nikakuta nyumba kimya. Baba Tuse alikuwa amempeleka mtoto kwa mama yake mzazi, kijijini Ndalambo. Nikapiga simu. Mama mkwe akaniambia kwa kinywa chake kwamba mwanamke anayemwacha mtoto na maji ya moto ili akimbilie madereva, mtoto hapewi. Ningejitetea kwa lipi? Habari ya sufuria kupinduka niliitangaza mwenyewe. Uongo niliomkingia mume wangu, yeye ndio alionipigia.

Shule zikafunguliwa, Tuse hakurudi. Baba Tuse akasema niache biashara kwanza. Nikaacha. Mtoto bado hakurudi! Ndipo nikarudi kwa yule nesi. Kabla sijakaa akaniambia, "Umechelewa, lakini umekuja." Akafunua daftari. Alikuwa ameandika tangu siku ile: ameungua mgongoni, maelezo ya mama hayalingani na jeraha. Akanielekeza polisi, kwenye dawati la jinsia. Nilikwenda.

Ndalambo nilifika na kaka yangu pamoja na afisa ustawi wa jamii. Wazee wa ukoo wakakaa, Baba Tuse akiwepo. Nikasema yote. Yeye akacheka, akawaambia, "Mwenyewe alimwambia nesi ni nyungu. Leo kageuka?"

Kweli, nilidanganya, na nililikubali hilo mbele yao. Kisha nikaomba sufuria tupu, nikaiweka chini. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, nionyeshe unavyopiga nyungu." Akashangaa, lakini akaketi kwenye kigoda, akainama, uso juu ya sufuria. Hakuna aliyekuwa mgeni wa jambo hilo, msimu ule wote tuliinama hivyohivyo. Nikamuuliza, ikipinduka maji yanakwenda wapi? Akagusa magoti yake. Nikamwita Tuse, nikamwomba ruhusa, nikainua blauzi yake nyuma.

Mama mkwe aliutazama ule mgongo, akayatazama magoti yake. Kisha akamgeukia mwanawe. "Ulimfanya nini mtoto?"

Wazee wakaniomba yaishe kifamilia. Niliwajibu kwa heshima zote, nikasema hili lilianzia nyumbani na nyumbani ndiko lilikolelewa, sasa liende mbele. Likaenda, na Tuse nikarudi naye Tunduma. Mahakama ilimtia hatiani na akafungwa. Wapo wanaoniita mwanamke katili mpaka leo, na chai yangu wanakunywa.

Dada zangu, nawaomba, msimtungie uongo mtu anayewapiga. Msiseme mmeanguka, msiseme ni mlango, msiseme ni sufuria. Na kama mlishasema, kama mimi, rudini mkafute. Aibu ya kujikana nimeionja. Ni ndogo sana kuliko nyumba isiyo na mtoto wako.

Juzi Tuse aliniuliza, wenzake shuleni wakiuliza kuhusu lile kovu aseme nini. Mnajua ule uongo wa zamani ulinijia mdomoni tena? Nikaumeza. Nikamwambia aseme ilivyokuwa, au asiseme kabisa, ni mgongo wake.

Aliporudi nikamuuliza imekuwaje. "Nimewaambia ni baba," akasema. "Halafu tukaendelea kuruka kamba."