Maneno ya Saa ya Chai

Phelister alifuma sweta za shule nyumbani kwake, mtaani Huruma. Mashine ya kufuma ilikaa kando ya kitanda. Upepo ukileta harufu ya machinjio ya Kiamaiko, alifunga dirisha akaendelea.

Polio ilimlemaza mguu mmoja utotoni. Karakana ya Ngigi, aliyempa kazi na mashine, ilikuwa Gikomba, ghorofani, na ngazi zake hazina pa kushika. Kwa hiyo mumewe Bwire ndiye aliyebeba mzigo. Kila Jumamosi alipeleka sweta, akarudi na uzi.

Jumamosi moja alirudi na gunia lile lile, limejaa.

"Amezikataa."

"Zipi?"

"Zote. Shingo si ya V tena. Shule inataka ya mviringo."

"Nani alituambia?"

"Eti alitangaza. Jumatatu anakuja kuchukua mashine. Anasema fundi asiyesikia ni hasara."

Phelister aliitazama mashine. Bwire alikuwa kibarua: leo yuko kiwandani, kesho anaachwa langoni. Mashine ikienda, watoto watakula nini?

Akamwita jirani yake, Wacera, aliyepiga pasi sweta katika karakana hiyo hiyo.

"Wacera, hiyo shingo ilitangazwa lini?"

"Saa ya chai. Pale juu chai ndiyo ofisi, dada. Ngigi anapuliza kikombe, anasema, sisi tunasikia."

"Kwa lugha gani?"

Wacera aliangalia chini. "Kikuyu. Hata Shiundu, yule mfagiaji, hutuuliza baadaye tulikuwa tunacheka nini."

"Na sisi wa nyumbani?"

"Nyinyi hata hamtajwi. Nilidhani amemwambia Bwire."

"Kila mtu alidhani," Bwire alisema. "Kudhani hakulishi watoto."

Wacera alichomoa sweta moja guniani. "Lakini mimi naziona sweta zote. Wafumaji wa nyumbani wote wameleta V. Wa karakanani, hakuna hata mmoja. Basi shida si mikono yenu. Ni kwamba habari haikuwafikia. Mwambie hivyo. Nitakuwa hapa."

Jumatatu Ngigi alikuja na mtu wa mkokoteni.

"Mama, usinichukie. Nilikupa kazi ya nyumbani kwa wema tu."

"Ulinipa kazi, maneno ukabaki nayo. Chai yako nitaisikiaje nikiwa hapa?"

"Ungepanda uulize."

"Kwa mguu upi, mzee?"

Mtu wa mkokoteni alicheka. Ngigi hakucheka.

Wako wengi wa namna hii. Wanakupa kazi, wanakunyima habari, halafu wanakulaumu kwa kutojua. Na mshahara wa kutojua unaulipa wewe. Sisi tuliofanyiwa hivyo hatujasahau.

"Mzee Ngigi," Wacera alisema, "wote wa nyumbani wamekosea shingo ile ile. Utawanyang'anya wote? Nani atafuma za Januari, shule zikifunguliwa?"

"Wewe Wacera ni wa kwetu. Unanigeuka?"

"Kazini, wa kwetu ni kila anayefuma. Toa sweta ya mfano, isafiri na uzi. Na ukiwa na neno, shuka chini ulisemee uani, kwa Kiswahili, siku wanayoleta mizigo."

Ngigi alifikiria Januari. Mkokoteni ukaondoka mtupu.

Phelister alifumua shingo zote, akazifuma upya. Jumamosi iliyofuata Bwire alimpeleka Gikomba, akamkalisha kwenye stuli uani. Ngigi alieleza kwa Kiswahili kwamba mikono ya sweta itaongezwa mstari wa njano. Kila mfumaji alipewa sweta ya mfano, akaishika mwenyewe. Shiundu aliuliza swali, akajibiwa. Mwezi huo hakuna gunia lililorudishwa.

Lakini Jumamosi ile uani, Ngigi alipouliza kama kuna mwenye neno, Phelister aliinua mkono.

"Mimi ninalo. Ayuma wa Dandora, mfumaji mwenzetu wa nyumbani, simwoni."

"Alirudi kwao Mumias," Ngigi alisema. "Mkokoteni ulianzia kwake, Jumapili ile."

"Na mashine yake?"

Ngigi aliinua macho kuelekea karakanani. Kule juu ya ngazi, mashine ilikuwa ikilia.