Sauti ya Dina

Wiki ya tatu tangu wahamie kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mtinko, Melkizedeki alisikia mtoto akikohoa nyuma ya nyumba. Ilikuwa saa sita mchana. Aliweka jembe chini, akamtazama mkewe, Theresia.

Kikohozi kile walikijua. Kilikuwa cha Dina, binti yao wa miaka minne, aliyekufa kwa homa ndani ya lori siku ya kuhama. Walimzika kando ya barabara, wakapanda tena lori.

"Usiitike," Theresia alinong'ona.

Harufu ya udongo mbichi ikaingia ndani, na mvua ilikuwa bado miezi mitatu.

"Baba, nina baridi."

"Ingia, mwanangu," Melkizedeki akasema.

Tangu siku hiyo hakwenda shambani. Alikaa pembeni, mikono imekunjwa kama aliyepakata mtoto, na mapaja yake yalilowa maji ya baridi. Chakula hakukigusa. Katekista Simoni alikuja, akasali, akamwita Theresia nje.

"Mama Dina, hilo ni jini. Limekaribishwa. Mwenye kulikaribisha ndiye alifukuze."

Theresia alipiga magoti mbele ya mumewe. "Baba Dina, liambie litoke."

"Nimwache mara ya pili?"

Kila siku Theresia aliomba Mungu aliondoe jini lile, na kila siku mumewe alizidi kukonda, midomo ikimpasuka, huku akibembeleza mapaja matupu na kuimba kwa Kinyaturu wimbo aliokuwa akimwimbia Dina, mpaka sauti ikamkauka, akabaki kuchezesha midomo tu.

Siku ya kumi na mbili alikufa.

Waliporudi kutoka mazikoni, majirani waliondoka upesi. Theresia alibaki peke yake, na harufu ile ikarudi.

"Mama, baba hanipakati tena. Nipakate wewe."

Ilikuwa sauti ya Dina kabisa, na kile kigugumizi chake kidogo, na mikono ya Theresia ilianza kufunguka yenyewe, kwa maana katika dunia nzima hakuna kitu alichokitamani kama uzito wa mtoto yule, na alijua kwamba hata kama angekufa kwa kuupata, angekufa ameridhika. Alianguka kifudifudi.

"Bwana, sikuombi tena uliondoe. Nipe nguvu nisiitike."

Kisha akainuka, mikono ameifunga kifuani.

"Mwanangu yuko kwa Mungu," alisema. "Wewe sikujui."

Sauti ikaanza kulia.

Miaka ilipita. Simoni alipomuuliza kama sala ililifukuza, Theresia alitikisa kichwa.

"Linalia kila mchana. Ninapewa nguvu ya siku moja tu, Katekista. Ya kesho bado sijapewa."