Hita Iliyonukia Nazi

Kila Jumamosi, kabla saluni ya mama yake haijafunguliwa, Chapuchapu alikuwa na kazi ya usafi. Jina hilo alipewa na mama kwa sababu hakuna kazi aliyoifanya polepole, wala hakuna aliyoimaliza vizuri. Alitakiwa kusugua kwa maji ya sabuni, kusuuza na kukausha. Yeye alikuwa amegundua njia ya mkato: mafuta ya nazi ya kupaka nywele. Tone moja kwenye kitambaa, pitisha hapa, pitisha pale, kila kitu kinang'aa.

Jumamosi hiyo alipaka viti, akapaka kingo za kioo, kisha akaigeukia hita ya maji ya gesi iliyotundikwa ukutani katika chumba cha nyuma. Mama alikuwa amemwambia aifute kwa nje tu. Lakini kifuniko cha chini kilitoka kwa urahisi, na ndani kulikuwa na kijiti cha shaba kilichofifia. Chapuchapu hakuvumilia. Akakipaka mafuta, akarudisha kifuniko, akaenda zake kunywa chai.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wake wa hesabu, aliyekuja kupaka nywele rangi nyeusi. Alipoketi tu, aliteleza akaishia nusu chini ya kiti.

"Kiti chako leo kina haraka," alisema, akijivuta juu.

Mama alicheka, akampaka rangi, kisha akaenda nyuma kufungua gesi na kuwasha hita. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza. Alibonyeza kitufe, moto mdogo wa kuwashia ukashika. Alipokiachia, pu! Ukazimika. Akabonyeza tena, akasubiri, akaibembeleza hita: "Haya mpenzi, tulia hapo hapo." Akaachia. Pu! Chumba kizima kilinukia nazi, lakini mama alidhani ni nywele za mteja.

"Jamani, rangi imekaa sana," aliita mwalimu. "Kichwa kinaniwasha!"

"Nakuja, mwalimu! Kichwa kinawasha, hita ndiyo haiwaki!"

Maji ya bomba yalikuwa baridi kama barafu, na birika lao dogo lilitosha kikombe kimoja tu. Mwalimu akaanza kuoshwa kwa awamu, povu jeusi likimtiririka mpaka puani.

Mama akapandwa na hasira. Jana tu fundi wa gesi alikuja kuikagua hita, na ilikuwa nzima. Akampigia simu. Fundi, ambaye alikuwa jirani, alifika na mkoba wake huku bado anatafuna mkate.

"Fundi, jana uliishika hita yangu, leo imekufa. Ulichomoa nini?"

"Dada, sikuchomoa hata skrubu."

"Basi kuanzia leo usikanyage hapa. Na mtaa mzima nitauambia kwamba kazi yako ni ya kubabaisha!"

Fundi aliacha kutafuna. Chapuchapu, aliyekuwa ameshika taulo la mwalimu, aliiona sura ya fundi ikinywea. Huyu ndiye aliyemtengenezea breki za baiskeli bila kumdai chochote, na wateja wake wote walikuwa wa mtaa huo. Akisema, mama atamwakia yeye. Asiposema, fundi atakosa kazi kwa kosa ambalo si lake.

"Mama," alisema, "fundi hana kosa. Ni mimi. Nilikipaka mafuta ya nazi kile kijiti cha ndani. Nilitaka king'ae."

Kisha mwalimu, macho yamefumbwa kwa povu, akasema, "Kumbe harufu ya nazi si ya kichwa changu!"

Fundi alifunga gesi, akasubiri hita ipoe, akafungua kifuniko. Kijiti kilikuwa cheusi tii.

"Huyu ndiye mlinzi wa hita," alieleza. "Kijiti hiki kikihisi joto la ule moto mdogo, kinaacha gesi ipite. Kisipohisi, kinaifunga, isije ikajaa chumbani. Sasa mafuta yameungua yakawa masizi. Kimevaa koti, kitahisi vipi?"

Alikifuta, akakisugua taratibu kwa msasa laini. Mama akabonyeza kitufe, akasubiri, akaachia. Moto ukabaki, wa buluu, umetulia. Mwalimu alipiga makofi bila kuona anachoshangilia.

"Nisamehe, kaka," mama alimwambia fundi. "Nimekuvunjia heshima bure mbele ya mteja."

"Yamekwisha, dada."

Kisha mama akamgeukia binti yake. "Mwanangu, usafi ni kuondoa uchafu, si kuupaka mafuta. Na kuanzia leo hita ya gesi huigusi, hata kwa nje, maana ungeweza kutuletea maafa. Lakini umesema kweli wakati ungeweza kunyamaza. Hilo limenifurahisha kuliko hita kuwaka. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa mzigo wako."

Mwalimu alipomaliza kuoshwa kwa maji ya moto, aliinuka, akaaga. Nyuma ya sketi yake ya kijivu kulikuwa na doa kubwa linalong'aa. Hakuna aliyeliona isipokuwa Chapuchapu.

Alimfuata mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "kuna jambo lingine. Na hilo nalo ni mimi."

Mama alikwisha kwenda kuchukua ndoo, brashi na sabuni.