Mshono Ambao Haukuachia

Gari la shangazi lilipogongwa ubavuni, mfuko wa hewa wa kiti chake haukutoka nje. Waya haukuwa na kosa, wala betri. Mfuko ulizuiwa na mshono, na mshono ule alikuwa ameushona msichana wa miaka kumi na miwili, akiwa na akili zake timamu.

Msichana huyo walimwita Sindano. Jina alipewa na jirani yao, mchomeleaji mmoja aliyeitwa Cheche, ambaye hakuweza kupita pahali bila kumtania mtu. Mama yake Sindano alifariki yeye akiwa hajatimiza miaka mitatu. Aliyemnyoa, aliyemwogesha na kumpeleka darasa la kwanza alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba yake, mkunga wa kituo cha afya.

Kila siku akitoka shule, Sindano alivua sare, akala chakula chake, akaosha mikono kwa sabuni ili asichafue vitambaa, kisha akaingia karakana ya baba yake nyuma ya nyumba. Baba alikuwa fundi wa viti vya magari. Humo ndani kulinukia gundi na sponji mpya, na cherehani ilikaa karibu na dirisha. Sindano aliijua cherehani ile kuliko alivyoijua hesabu. Alishona mishono iliyonyooka kama reli, tena imara, na wateja walipoivuta kwa nguvu kuijaribu, yeye alicheka tu.

Siku moja shangazi alileta gari lake huku akilalamika.

"Mdogo wangu, hiki kiti sasa ni bembea. Nikikata kona, kinakata na mimi."

Baba aliinama akamulika chini ya kiti cha dereva. Chuma kilikuwa kimepasuka. "Hiki hakishonwi wala hakichomelewi, dada. Kinabadilishwa. Niachie gari mpaka kesho jioni."

Alipata kiti kingine kwa wauza vipuri, cha gari la aina ile ile, chenye mfuko wake wa hewa ubavuni ukiwa mzima. Ubaya wake ulikuwa nguo tu. Ilikuwa imechanika vibaya, ikabidi ishonwe mpya.

Kesho yake Sindano aliporudi shule, alimkuta baba amekaa juu ya ndoo kando ya gari, anatazama saa. Alikuwa amezima gari na kutoa waya wa betri. Cheche alikuwa ameegemea mlango.

"Bado unasubiri tu?" Cheche aliuliza. "Wewe ni fundi au mgonjwa kwenye foleni?"

"Dakika kumi na tano," baba alijibu. "Betri ukiitoa, umeme unabaki kidogo ndani ya mtambo. Ukiigusa ile plagi ya manjano ya mfuko wa hewa kwa pupa, mfuko unaweza kukulipukia usoni. Kalichomelee geti lako huko."

"Geti langu halijawahi kunilipukia."

"Ndiyo maana miwani yako ya kuchomelea ni ile ile kwa miaka kumi."

Muda ulipotimia, baba aligusa chuma cha gari kwa kiganja ili kuondoa umeme wa mwilini, akachomoa plagi ya manjano chini ya kiti, akafungua boliti nne. Kiti kipya alikibeba upande wenye mfuko ukiwa mbali na kifua chake. Alikiweka mezani, akamwita binti yake.

"Kitambaa nimeshakata. Kwingine kote tumia uzi mnene. Ila hapa ubavuni," akaonyesha kwa kidole, "uzi huu mwembamba tu, mshono mmoja, basi. Ajali ikitokea, mfuko unatoka kwa kuupasua mshono huu. Lazima ukatike. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Alielewa, lakini roho haikupenda. Tangu ajue kushika sindano alikuwa akisifiwa kwa mishono isiyokatika, na leo anaambiwa ashone kitu cha kukatika. Alianza hata hivyo. Baba alitoka kuzungumza na mteja nje, na uzi mwembamba ukaisha. Ilibaki shubiri moja tu kufika mwisho.

Duka la uzi ule lilikuwa ng'ambo ya mji. Shangazi alikuwa anakuja saa kumi na moja, na saa kumi ilishapita. Sindano alimalizia ile shubiri kwa uzi mnene. Akaangalia. Uzi mmoja uling'aa, mwingine haukung'aa, na mshono ukaonekana kama suruali yenye kiraka. Aliona aibu. Alifumua wote, akashona upya kutoka juu hadi chini kwa uzi mnene, akarudia mara ya pili juu yake, kama alivyozoea.

Alikusudia kusema. Baba aliporudi, Sindano alishafungua mdomo. Lakini baba alipitisha dole gumba juu ya mshono taratibu, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Mshono kama huu hata mimi siuwezi," alisema.

Maneno yale yalikuwa matamu. Sindano akafunga mdomo.

Baba alifunga kiti, akachomeka plagi ya manjano mpaka ikalia, kisha akahakikisha hakuna mtu ndani ya gari kabla ya kurudisha waya wa betri. Alipowasha, taa nyekundu ya mfuko iliwaka kwenye dashibodi, ikazima. "Imezima. Mtambo uko sawa," alisema. Shangazi alikaa, akajitingisha kidogo. "Sasa hiki ndicho kiti. Nani kashona?"

"Nani mwingine?" baba alisema.

Shangazi alimfinya Sindano shavu, akaondoka.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, shangazi akitoka zamu, lori dogo ambalo halikusimama njia panda lilimgonga mlangoni. Baba alipofika hospitalini, daktari alimuuliza: ikiwa gari lina mfuko wa ubavuni kama anavyosema, mbona majeraha ni kama ya gari lisilo nao?

Baba alirudi nyumbani, akafunga karakana. Hakuwa na shaka kwamba kosa lilikuwa plagi. Alijiona aliiacha imelegea. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua viti vyao ambavyo havijamalizika, wengine bila hata kumtazama. Baba aliwapa, akarudi kukaa kitandani. Usiku na mchana aliviangalia vidole vyake.

Sindano alijua. Alijua tangu alipomsikia baba akirudia swali la daktari. Alikwenda shule, akarudi, akapika, akaosha vyombo. Kila alipotaka kusema, aliwaza baba atamtazama vipi, akaahirisha hadi kesho. Siku ya kwanza ikapita, ikapita ya pili. Kadiri siku zilivyoongezeka, ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

Siku ya tisa Cheche alikuja. Hakutania. Sindano alikuwa mlangoni akamsikia baba akisema, "Nitafutie mnunuzi wa cherehani. Mkono uliomvunja dada yangu hautagusa tena gari la mtu."

Sindano aliingia. 

"Baba, si plagi. Ni mimi. Uzi mwembamba uliisha, nikashona kwa mnene. Mara mbili."

Cheche aliinuka, akatoka bila kuaga.  Baba alichukua spana na wembe. "Twende," alisema.

Gari lilikuwa uwanjani kwa fundi bodi, mlango umeingia ndani kama bati lililokanyagwa. Baba alitoa waya wa betri, akatazama saa. Hakujua kama mfuko ule ulikuwa bado haujalipuka, kwa hiyo alisubiri dakika zote kumi na tano. Kisha alipeleka mkono chini ya kiti. Plagi ya manjano ilikuwa imekaza vile vile alivyoiacha. Akachana nguo ya kiti kwa wembe, upande wa mbele.

Mfuko ulikuwa umelipuka. Ulifanya kazi yake yote. Uliitafuta njia ya kutoka, ukakosa, ukararua sponji na kujikunja humo humo ndani kama mtoto aliyefungiwa chumbani. Mshono wa ubavuni haukuachia hata tundu moja.

Baba alikaa chini, kwenye mafuta na mchanga. "Uzi uliisha imebaki kiasi gani?" aliuliza.

Sindano alitanua kiganja chake: shubiri moja. 

Jioni ile walikwenda hospitalini, na Sindano alisema yote tena, mbele ya kitanda, akilia mpaka kamasi. Shangazi alisikiliza. Kuongea kulimuuma, hivyo aliongea kidogo kidogo.

"Mdogo wangu, nianze na wewe. Mshono wa roho ya mtu humwachii mtoto na kutoka nje. Ukitoka, ukirudi unaukagua uzi, hukagui urembo."

"Kweli, dada," baba alisema.

"Na wewe, mwanangu. Uzi kuisha si kosa. Kushona vibaya ni kosa la mtoto, nakusamehe. Lakini wiki tatu nilipita mbele ya nyumba yenu kila siku, nikakupungia mkono, nawe ukanyamaza. Kisha siku tisa umemwacha baba yako ajione muuaji." Akavuta pumzi. "Mimi ni mkunga. Mficha uchi hazai, na mficha kosa halitengenezi. Kosa lisemwe likiwa bado ni uzi. Likishakuwa mfupa, kusema ni lazima, ila hakuungi kitu."

Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, uliokuwa mzima, akamshika Sindano kichwani. Hakuuondoa mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Karakana ilifunguliwa tena wiki iliyofuata. Mshono wa mfuko sasa anaushona baba peke yake, na mwenye gari huonyeshwa uzi kabla kiti hakijafungwa. Sindano anashona kwingine, na likimharibikia jambo, hata dogo, husema kabla hajasimama kutoka kwenye cherehani. Wateja wengine walirudi. Wengine hawakurudi.

Shangazi alivunjika mbavu nne na bega la kulia. Alilala hospitalini siku arobaini na moja. Mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua, na vidole viwili havina nguvu ya kushika. Alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na miwili. Sasa anakaa mapokezi ya kituo kile kile, anaandika majina ya kina mama kwa mkono wa kushoto, na watoto wanaozaliwa wanapokelewa na wakunga wengine.