Mluzi wa Kinyozi

Sogeeni karibu, wazazi wenzangu, hasa ninyi mnaopenda viti vya mbele watoto wenu wanapocheza. Wahenga walituambia ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Leo anayenyolewa ni kinyozi mwenyewe. Hakuwa mlevi wala mgomvi, na nyumbani kwake watu walikula wakashiba. Ndiyo maana nataka tumtazame vizuri, maana balaa lake lingeweza kuingia kwa yeyote kati yetu bila kubisha hodi.

Jumamosi asubuhi kibanda chake kilikuwa mahali pa raha. Palikuwa na viti viwili, kioo kirefu, redio ikiongea kwa sauti ya chini, na harufu ya poda na spiriti. Bintiye wa pekee, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akifagia nywele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukidunda mpira wa kikapu. Hakuutazama mpira hata kidogo, na haukugusa mguu wa mteja yeyote. Wenzake walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mdogo, mwembamba, na alipita mahali ambapo wengine waliona ukuta.

Katika timu ya wasichana ya shule yake Sindano alikuwa mwongozaji. Kwa wale msioujua mchezo huu, mwongozaji ndiye anayeuleta mpira kutoka nyuma, akatazama nani yuko wapi, akaamua nani apewe. Ni kazi ya mpakuaji: wote wanashiba, naye ndiye wa mwisho kukumbukwa. Mwalimu wake wa michezo alisema msichana huyu humwona mwenzake kabla mwenzake hajajua kwamba yuko wazi. Mengine alikuwa amemfundisha, lakini hilo, alisema, alikuja nalo.

Asubuhi hiyo dereva wa lori, mteja wa miaka mingi, alikuwa kitini na shuka shingoni.

"Kijana wangu jana kafunga mabao matatu peke yake," alisema. Kijana wake alicheza mpira wa miguu. "Na wewe Sindano? Nasikia na nyinyi mlishinda. Umefunga ngapi?"

"Pointi mbili, mjomba. Kikapu kimoja tu."

"Kimoja?" Dereva akamtazama kinyozi kwenye kioo. "Sasa fundi, huyu mtoto anakwenda kucheza au anakwenda kuwashikia wenzake mpira?"

Watu benchini wakacheka. Sindano naye alicheka, akachukua mfuko wake, akaaga na kwenda mazoezini. Aliyeshindwa kucheka ni baba yake. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na mashine ikamteleza mkononi ikamwachia dereva njia ya panya nyuma ya kichwa.

Laiti angemuuliza bintiye ushindi ule ulipatikanaje. Hakuuliza. Dereva alipomchokoza tena wiki iliyofuata, Sindano hakuwapo, na kinyozi akajibu bila kupepesa macho, "Safari hii kafunga kumi na mbili." Uongo wa kwanza ulimkwama kidogo kooni. Wa pili ulishuka kama uji. Akaendelea kupiga chuku mpaka kibanda kizima kikaamini kwamba mfungaji hatari kuliko wote anaishi nyumbani kwake. Dereva, ambaye sasa alikuwa amevutiwa kweli, akasema, "Basi fundi, mechi ijayo nakuja kumwona kwa macho yangu."

Njia ya mwongo ni fupi, na kinyozi alishaanza kuuona mwisho wake. Badala ya kurudi nyuma, akataka bintiye aje airefushe.

"Mwanangu," alisema jioni hiyo wakiwa mezani, "uache kugawa mpira kama mtu anayegawa pipi. Ukiupata, rusha mwenyewe."

"Lakini baba, Ngazi akiwa peke yake chini ya kikapu, mimi nirushe kutoka mbali kwa nini?" Ngazi alikuwa msichana mrefu wa timu ile, rafiki yake tangu darasa la kwanza, na pasi nyingi za Sindano ziliishia mikononi mwake.

"Kwa sababu wanaokumbukwa ni wafungaji. Nani amewahi kumkumbuka aliyetoa pasi?"

"Ngazi anamkumbuka," mama akajibu. Alikuwa muuguzi, ndiyo kwanza ametoka zamu, na hakuwa na nguvu za kubishana. "Mwache mtoto, baba Sindano. Ana mwalimu wake. Wewe mbona hukubali mtu akushike mkono ukiwa unanyoa?"

Maneno ya busara, lakini kinyozi siku hiyo alikuwa haambiliki. Alimweleza bintiye kwamba atakuwa jukwaani, na kwamba Sindano akisikia mluzi, hiyo ni amri: asimpe mtu mpira, arushe. Mluzi wenyewe ulijulikana mtaa mzima. Aliupiga kwa vidole viwili, na ndio aliomwitia bintiye tangu akiwa mdogo, anacheza nje na jua linazama. Sindano hakuwahi kuusikia mluzi ule akaupuuza. Aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, baba."

Hapo ndipo alipoangushwa, jamaa zangu. Hakuangushwa uwanjani na wapinzani. Aliangushwa mezani kwao, mbele ya sahani yake.

Dereva alikuja kama alivyoahidi. Mluzi ulilia, Sindano akarusha, ukalia tena, akarusha tena. Mipira mingi iligonga chuma ikarudi, lakini iliyoingia ilitosha kumfanya dereva asimame na kupiga makofi. Kinyozi alivimba kichwa. Timu ilishindwa siku hiyo, jambo ambalo hakulitia maanani.

Mambo mengine alikuja kuyajua baadaye sana, kwa mkewe, na kila moja lilimkata maini. Alikuja kujua kwamba Ngazi aliacha kukimbilia kikapuni, na alipoulizwa alijibu, "Niende kupokea nini?" Kwamba Sindano akikaa benchini wenzake walisogea mbali naye kidogo. Kwamba mwalimu alimsimamisha mbele ya wote akamuuliza, "Macho yako yamekwenda wapi siku hizi? Nani anakwambia urushe?" na msichana akajibu, "Hakuna mtu, mwalimu. Ni mimi tu." Alikubali kuitwa mchoyo kuliko kumtaja baba yake. Mtoto wa namna hiyo mzazi humpata wapi tena?

Ikafika mechi kubwa ya mwaka. Sindano alikuwa darasa la mwisho, na ilijulikana kwamba kutoka chuo kimoja kikubwa atakuja mtu kutafuta mwongozaji. Atakayechaguliwa angesomeshwa na kulelewa kimchezo mpaka amalize. Kwa nyumba ya kinyozi na muuguzi, mlango kama huo haufunguki mara mbili.

Nusu ya kwanza kinyozi alisimama juu kabisa ya jukwaa, nyuma ya wanafunzi, akipiga mluzi mpaka midomo ikamkauka. Sindano alirusha akakosa, akarusha akakosa. Wakati wa mapumziko watu walipotoka kununua maji, kinyozi alishuka akapata nafasi mbele, karibu na mama mmoja wa makamo mwenye miwani.

"Samahani, kaka," yule mama alisema, "unawafahamu wasichana hawa?"

"Wengine nawafahamu," kinyozi alijibu, akitabasamu, akisubiri sifa.

"Mimi nimetoka chuoni. Nimesafiri kwa ajili ya yule mdogo. Mwenzangu alimwona mwaka jana akaja kuniambia kuna msichana anayefanya kila anayecheza naye aonekane hodari. Wafungaji tunao tele. Mtu kama huyo hatuna." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake. "Sasa leo nimekaa hapa namtafuta, simwoni. Namwona mtoto anayecheza peke yake. Na kila huo mluzi ukilia huko nyuma, ndiyo anazidi kuharibu. Sijui ni nani huyo anayemtesa."

Tabasamu la kinyozi lilibaki usoni kwa sababu alisahau kuliondoa.

"Baba yake labda," mama yule aliendelea. "Unamjua? Au wewe ni ndugu yake?"

Angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, na kila Jumamosi kibandani alikuwa akilitamka mbele ya wateja kwa kifua mbele. Lakini siku hiyo aibu ilimshika ulimi.

"Hapana," alisema. "Ni mtoto wa jirani tu."

Nusu ya pili kinyozi hakupiga mluzi. Alitia mikono mfukoni akaibana huko kama mwizi. Alidhani kwamba akinyamaza, bintiye atarudi kuwa yule wa zamani. Sivyo ilivyokuwa. Mtoto uliyemfundisha kungoja amri yako, ukimwacha ghafla hapati uhuru, anapotea. Sindano alicheza kwa wasiwasi, akishika mpira muda mrefu kuliko ilivyofaa, akitega sikio.

Zikabaki sekunde chache, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi moja, mpira uko mikononi mwake. Na Ngazi, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa hakimbii, safari hii alikimbia. Alisimama chini ya kikapu peke yake, mkono juu. Sindano alimwona. Kinyozi mpaka leo ataapa kwamba alimwona. Ila mkono haukwenda. Badala yake aliinua macho jukwaani, akayapitisha safu kwa safu, akimtafuta baba yake ili ajue afanye nini. Macho yao yakakutana, na baba akatazama chini.

Mpinzani akaunyakua mpira. Filimbi ikalia.

Kinyozi alikuwa akijipenyeza kuelekea mlangoni mwalimu wa michezo alipomwita. Alikuwa na Sindano pembeni yake, taulo shingoni, na yule mama wa miwani. "Usiondoke, mzee," mwalimu alisema. "Nataka nimtambulishe mgeni. Mama, huyu ndiye baba yake Sindano."

Mgeni alimtazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Lakini uliniambia ni mtoto wa jirani," alisema.

Sindano alimtazama baba yake, kisha mgeni, kisha viatu vyake mwenyewe. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kama kawaida yake, haikumsaidia. Mgeni alimshika msichana begani akamwambia taratibu kwamba mwaka huu hatamchukua, na kwamba amesikitika kuliko anavyoweza kusema. Halafu akaenda zake.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na kona ya mtaa wao ndipo Sindano aliposema.

"Baba, nikikosa unaona aibu?"

"Mwanangu, si hivyo. Nilikuwa..."

"Nimerusha kwa sababu uliniambia. Nilijua Ngazi yuko wazi. Kila mara nilijua." Sauti yake haikupanda. "Ungeniambia tu kwamba nisipofunga mimi si wako, nisingecheza kabisa."

Kinyozi alilia pale njiani, watu wakipita, na hakujificha. Aliomba radhi usiku ule, akaomba tena asubuhi mbele ya mkewe, akaenda shuleni akaomba kwa mwalimu na kwa Ngazi. Kibandani aliwaeleza wateja ukweli wote, na aliyetaka kucheka akacheka. Sindano alimsamehe, alikuwa na moyo wa kusamehe. Aliomba jambo moja tu, kwa adabu, kwamba baba asije tena uwanjani.

Muhula wake wa mwisho alirudi kwenye timu. Mwalimu alifanya naye kazi kwa subira, na pasi zikaanza kurudi, moja moja, ingawa kabla ya kila pasi bado alisita kidogo, na katika mchezo ule kusita kidogo ni kuchelewa sana. Watu wa chuo hawakurudi. Kinyozi siku za mechi alifunga kibanda mapema, akaenda kusimama nje ya ukuta wa shule. Alisikia mpira ukidunda, alisikia watu wakishangilia, hakujua wanashangilia nini.

Siku moja mpita njia alisimama karibu naye akauliza, "Humo ndani kuna nini leo?"

"Binti yangu anacheza," alisema kinyozi.

"Sasa mbona huingii?"

FUNZO

Wazazi wenzangu, kipaji cha mtoto ni cha mtoto. Sisi tumepewa kukilinda, hatukupewa kukiendesha. Ukitaka mwanao awe jibu la maneno ya watu barazani, utamvunja mkono uleule aliojaliwa nao, na hao watu watakunja mikeka yao waende makwao. Msifuni mtoto kwa kile alicho nacho hata kama wengine hawakihesabu. Mwalimu wake akifundisha, ninyi nyamazeni. Na akikosa, hata mbele ya ulimwengu mzima, semeni kwa sauti kwamba ni wenu, kwa maana saa ya kukosa ndiyo anayokutafuteni kwa macho.