Kibuyu cha Kiplimo

Orodha yetu ya safari ilikuwa na vitu kumi na vinne. Cha kumi na nne kilikuwa mursik.

Hilo lilikuwa wazo langu, sitamsingizia mtu. Klabu yetu ya wanyamapori, hapa kampasi, ilikuwa inapanga safari ya siku mbili kwenda Pwani, kuingia msitu wa mikoko kwa boti na kutazama ndege, kaa, na wale samaki wanaotembea juu ya tope. Watu sita. Kupanga kote kulikuwa juu yangu: darubini, dawa ya mbu, majaketi ya kuelea, saa za maji kujaa na kupwa. Nahodha wa boti nilizungumza naye kwa simu karibu kila siku. Mzee mpole, Kiswahili chake kama nguo iliyopigwa pasi.

"Mtaanza kusikia harufu kabla hamjauona msitu," aliniambia. "Tope la mikoko lina uvundo, mwanangu. Kama yai viza. Msishtuke, ndivyo lilivyo."

Nilicheka. Nikaandika kwenye orodha: barakoa.

Kisha nikasema watu wa kwetu hawaendi kwa mtu mikono mitupu, lazima tumpelekee nahodha kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyolala. Mwenyekiti wetu, Weldon, akasema shangazi yake Rodah ndiye anayeyatengeneza vizuri kuliko wote kijijini kwao Kiptere.

"Ila ana msiba wake wa zamani," akaongeza. "Msikae sana."

Msiba gani, hakusema. Siku hizi nikisikia jina la Weldon nataka kutema mate.

Tulienda Jumatano jioni, mimi na Wangeci. Tunakaa chumba kimoja hosteli tangu mwaka wa kwanza. Wazazi wake wana duka la vyuma mjini Kericho. Amezaliwa hapa hapa, lakini mursik hajawahi kuonja. Anasema maziwa yenye makaa ni adhabu. Boda ilituacha kwenye kituo cha kuuzia majani chai, tukateremka kwa miguu katikati ya mashamba. Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa linaingia, na udongo mwekundu ulitushika viatu kama deni.

"Huyu nahodha akikataa maziwa yako," Wangeci akasema, "mimi nitamwelewa kabisa."

"Wewe nyamaza. Hujui vitu vizuri."

Mlangoni pa Rodah kulikuwa na gambuti za mwanaume. Zilikuwa zimeloa.

Tope lililozigandama lilikuwa jeusi.

Niliangalia viatu vyangu. Vyekundu. Niliangalia njia tuliyotoka. Nyekundu, kama kawaida. Lile lilikuwa jeusi la kung'aa, zito, na ndani yake kitu kidogo kilikuwa kikitembea kwa ubavu...

"Karibuni," sauti ikasema.

Rodah alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, sweta, kitambaa kichwani, mikono yenye madoa ya majani chai. Nikamsalimia, "Chamgei, Mama." Akaitikia, "Chamgei mising," akatupa stuli. Ndani kulikuwa na joto la ajabu. Chumba cha kulala kilitengwa kwa pazia la maua. Nyuma yake kitu kilikuwa kinadondoka.

Tap... tap... tap...

"Paa linavuja?" nikauliza.

"Linavuja," akasema, bila kugeuka. "Nyinyi ndio mnaenda kwa maji?"

"Ndiyo, Mama. Jumamosi."

"Mnajua kuogelea?"

"Mimi kidogo."

Wangeci akacheka. "Mimi nikiingia maji nazama kama jiwe, Mama. Nitashika huyu Nelvine shingo."

Rodah alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani hadi miguuni, jinsi wanunuzi wanavyotazama ndama soko la Siongiroi. Kisha akaingia nyuma ya pazia.

Akarudi na vibuyu viwili. Kimoja kipya, kidogo, cha nahodha. Kingine kilikuwa cha zamani, cheusi kwa moshi, na mfuniko wa ngozi wenye shanga.

"Hiki ni cha Kiplimo," akasema. "Mtoto wangu. Alienda huko mnakoenda, na wenzake wa chuo. Boti ilirudi bila yeye. Miaka miwili sasa. Kila Jumatano namjazia."

Kwetu, nyumba nyingi, kila mtu ana kibuyu chake, na hugusi cha mwenzako mpaka mwenye nyumba akumiminie. Nilijua hivyo. Nilipoona anammiminia Wangeci, Wangeci peke yake, nilidhani ni heshima. Mgeni wa kabila lingine anapewa kibuyu cha mtoto aliyepotea... niliguswa. Machozi karibu yanitoke, mjinga mimi.

Mursik ninayoijua ni ya rangi ya kijivu, laini, na harufu yake ni ya moshi. Hii ilitoka kwenye kibuyu kwa mabonge. Ilivutika kama kamasi. Harufu ikapanda, ikajaa puani, ikashuka kooni.

Yai viza.

"Nelvine," Wangeci akaninong'oneza, uso umekunjamana. "Siwezi hii maneno. Inanuka choo."

Hapa ndipo ningesimama. Ningesema, twende. Lakini mimi ni yule msichana ambaye hajawahi kushindwa kwenye jukwaa la mdahalo, na jukwaa ni popote. Nikainama sikioni mwake, nikamhesabia kwa vidole.

"Moja, wewe ni mgeni, na kukataa maziwa ya mwenye nyumba ni matusi. Mbili, ni mama amefiwa. Tatu, ni kikombe kimoja tu. Kwani utakufa?"

Alinitazama. Alikuwa ananiamini. Miaka mitatu alikuwa ananiamini kwa kila kitu.

Akanywa.

Gulp.

Na nyuma ya pazia... gulp.

Nilidhani ni masikio yangu. Wangeci akameza tena. Nyuma ya pazia, koo lingine likameza. Akameza mara ya tatu. Likameza mara ya tatu, polepole, likishukuru.

Tap... tap...

Maji meusi yalitokea chini ya pazia. Nikayafuata kwa macho mpaka yalikotoka. Palikuwa na vidole vya mguu. Vitano. Vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Katikati ya kidole gumba na cha pili alikuwa amejibanza kaa mdogo, akila.

Wangeci alishusha kikombe. Kwenye mdomo wake kulikuwa na kitu kama uzi. Akakivuta. Kilikuwa kirefu. Ulikuwa unywele, na mwishoni mwake kipande cha gamba. Alikitazama.

Akakirudisha mdomoni. Akatafuna.

Krak.

"Tamu," akasema. "Mama, kuna nyingine?"

Nilisimama, stuli ikaanguka. "Umempa nini?"

"Maziwa."

"Nani yuko huko nyuma?"

Rodah alikuwa anafunika kibuyu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Bado si mtu," akasema. "Amerudi nusu. Ile nusu nyingine imeshikiliwa huko kwa mikoko, na haiachiliwi bure. Anayekunywa kibuyu chake kwa mdomo wake mwenyewe anamshikia nafasi huko."

"Wewe ni bonindet! Mchawi! Mtoto wa wenyewe unamtoa hivyo, kama kuku? Hata yeye ana mama!"

Sikuwahi kupaza sauti hivyo mbele ya mtu mzima. Hakukasirika. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo, kwamba alinitazama kwa upole, karibu kwa mapenzi.

"Mimi niliweka kikombe mezani, msichana wangu. Singeweza kumlazimisha, haifanyi kazi hivyo. Wewe ndiye ulimwambia anywe." Akatabasamu. "Nilikuwa nasikia. Unaongea vizuri."

Nilimshika Wangeci mkono nikamburuta nje. Kati ya michai, giza likianza kushika, nilimtia vidole kooni. Niliona aibu, lakini nilimtia. Alinguruma, akanitafuna kidole, kisha akatapika. Si maziwa. Tope jeusi, kikombe kizima, likaanguka juu ya udongo mwekundu na kulala pale likipumua mapovu. Wangeci aliinama juu yake kana kwamba anataka kulirudisha.

"Usiguse!"

"Ni yangu," akasema.

Usiku huo huo, kabla hata ya chakula cha jioni, nilimpigia nahodha nikafuta safari. Nikamweleza yote, nikingoja anicheke. Hakucheka.

"Yule kijana wa kutoka mashamba ya chai," akasema. "Huyo nilimbeba mimi. Alishuka kushika kaa, tope likamchukua mpaka kiunoni. Tulimvuta watu wanne. Tulivuta, mwanangu... tukabaki na shati." Nilimsikia akivuta pumzi. "Huyo mwenzako msimlete karibu na maji."

"Hatuji tena."

"Na maji msiyaache yakamkaribia."

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Nimejaribu. Mchungaji alikuja, akaomba, akaondoka amejiziba pua. Daktari alisema ni minyoo. Kila asubuhi godoro la Wangeci linaloa, na nikilikamua linatoa maji ya chumvi. Chumvi ya jikoni inakwisha kabla hatujapika. Ndala zake nazikuta mlangoni zimejaa tope, na milango ya hosteli yetu inafungwa saa tatu usiku kwa kufuli. Ngozi ya miguu yake imekuwa nyeupe. Harufu yake siwezi kuieleza bila kutapika. Wasichana wa vyumba vya jirani wamehama. Mimi sijahama. Ningehamaje?

Jana Weldon alinipigia, sauti yake imejaa furaha.

"Kiplimo amerudi! Haki ya Mungu, Nelvine, nimemwona kituo cha majani chai na shangazi, amebeba kikapu. Haongei sana, lakini amerudi. Anakusalimia. Anasema asante."

"Asante ya nini, Weldon?"

Akaanza kuniuliza habari za masomo.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua anatafuta mtu."

"Nilijua anatafuta," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni huzuni tu. Ni mama, Nelvine. Wewe ungefanya nini?"

Nilikata simu. Swali gani hilo la kipumbavu!

Leo jua likizama nimerudi kutoka darasani. Wangeci alikuwa ameketi kitandani kwangu, amechana nywele, amevaa vizuri kama mtu anayesafiri. Mapajani alikuwa na kibuyu cheusi chenye shanga. Sijui kilifikaje. Mkononi alikuwa na kikombe, kimejaa.

"Nelvine," akasema. Ilikuwa sauti yake, ile ya zamani, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Nililia kuisikia. "Huko ni baridi. Ni giza, na kuna vitu vinakula. Nishikie nafasi."

"Wangeci, weka hicho chini."

Aliinua mkono wake mwingine, akaanza kuhesabu kwa vidole. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana.

"Moja, wewe ni mgeni kitandani kwako leo, mimi ndiye mwenye maziwa, na kukataa ni matusi. Mbili, mimi ni mtu amefiwa. Nimefiwa na mimi mwenyewe." Akatabasamu. Kati ya meno yake kitu kilitembea kwa ubavu. "Tatu, ni kikombe kimoja tu. Kwani utakufa?"

Nimeketi kwenye kitanda chake kilicholoa, nikimtazama. Nikinywa, anarudi kwa mama yake, nami nabaki huko. Nisiponywa, hatarudi, na nitajua ni nani aliyempeleka. Ameninyooshea kikombe. Uso wa maziwa umetulia, ila katikati, kila baada ya muda, povu moja linapanda na kupasuka.

Hoja zangu ninazijua. Nilizitunga mwenyewe, na hazina tundu hata moja.

Nyuma ya kabati, koo lingine linangoja nimeze, ili nalo limeze.