Roboti Juu ya Dungu

Tangu alfajiri Getrude alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, katika shamba lao la Namawala. "Haaa! Tokeni, kwelea nyie!" Kila mpunga unapokomaa, kufukuza ndege hao ndiyo kazi yake. Lakini Jumamosi hiyo miguu ilimwasha. Shuleni kulikuwa na netiboli, na mama alikuwa amempeleka mtoto kliniki Ifakara.

Kikapuni alikuwa na roboti ndogo ya mjomba Marcelino, mwalimu wa sekondari. Mjomba alitumia kompyuta kuingiza ndani yake faili la sauti ya Getrude akifukuza ndege, akamwazima akawaonyeshe wenzake. "Ukibonyeza hapa, itarudia ulichosema mpaka betri ziishe," alimwambia.

Basi, shetani akampitia. Akaiweka juu ya dungu, akabonyeza. "Haaa! Tokeni, kwelea nyie!" Ndege wote wakaruka, naye Getrude huyoo, mbio!

Uwanjani hakutulia. Kila mpira aliorushiwa ulimponyoka. "Leo una nini wewe?" mwenzake Paskalina alimfokea. Getrude alikuwa akiwaza ndege tu. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akarudi shambani.

Lo, salaala! Roboti ilikuwa bado inapiga kelele, na kwelea wanakula kwa raha zao. Mmoja alitua juu ya roboti yenyewe! Upande mzima wa shamba ulibaki makapi. Getrude akaangua kilio.

Kilio hicho kilimleta Mama Mbuke, jirani wa shamba la pili, pamoja na wanawe. Wakagonga makopo, wakatupa madongo, mpaka ndege wakaondoka.

"Shikamoo, mama," Getrude alisema kwa kwikwi.

"Marahaba. Lakini mbona sauti yako nilikuwa naisikia muda wote?"

Getrude alitamani kudanganya. Akaona aibu. "Si mimi, mama. Ni hii roboti. Mimi nilikwenda kucheza."

Mama Mbuke akashusha pumzi. "Mwanangu, huku tunalindana kwa sauti. Ukinyamaza, najua umepatwa na jambo, nawatuma wanangu. Leo nimekaa kwangu nikijua upo. Ndege wameizoea mashine yako upesi, aliyedanganyika ni mimi."

Jioni Getrude alimweleza mama yake yote mwenyewe. Mama alisikitika, lakini alimshukuru kwa kusema kweli.

Jumamosi iliyofuata Getrude alipaza sauti kutoka dunguni: "Mama Mbuke! Naomba nikacheze!"

"Nenda, wanangu wanakuja!" Mama Mbuke alijibu huku akicheka. "Unaona? Ungeniaga tu siku ile, mpunga ungekuwepo na mpira ungecheza."